Taa wa Maji Baridi Vilimani Muleba: Hesabu Inayotangulia Samaki

Taa wa maji baridi ni samaki bapa wa jamii ya Potamotrygonidae. Wanaishi katika mito ya Amerika ya Kusini, hasa Amazon, Orinoco na Paraná pamoja na matawi yake. Ni ndugu wa taa wanaovuliwa pwani kutoka Tanga hadi Mtwara na kuishia mchuzini, ila wazazi wao waliingia mitoni zamani mno, hata miili yao ikapoteza uwezo wa kuhifadhi urea, kitu kinachomwezesha taa wa bahari kuhimili chumvi. Aina zinazojulikana zimepita 30. Wafugaji wanazipenda zaidi mbili: Potamotrygon motoro, wa kahawia mwenye madoa ya njano yaliyozungushiwa weusi, na Potamotrygon leopoldi wa Mto Xingu nchini Brazili, mweusi tii mwenye madoa meupe. Ziwa Victoria halina taa hata mmoja. Kwa hiyo mkazi wa Buganguzi, wilayani Muleba, anayetaka kumfuga nyumbani anamtoa mnyama katika mito ya joto ya nyanda za chini na kumleta kwenye vilima vya baridi. Karibu gharama zote zitakazofuata zinatokana na jambo hilo, na bei ya samaki mwenyewe ni sehemu ndogo tu ya hesabu.

Hesabu huanzia kwenye umbo lake. Taa anayeuzwa dukani mara nyingi ni mtoto mwenye mwili wa upana wa sentimita 10 hadi 15, anayetosha juu ya sahani. Akilishwa vizuri, motoro hufikia sentimita 30 ndani ya mwaka mmoja au miwili, na akikomaa huweza kufika 45 au zaidi, bila kuhesabu mkia. Anaweza kuishi zaidi ya miaka 15. Tangi lipimwe kwa mwili atakaokuwa nao, kwa sababu anayenunua tangi dogo kwa kusudio la kulibadilisha baadaye hulipa mara mbili. Tena taa haogelei kwa kupanda na kushuka kama sato. Hutambaa chini, hujifukia mchangani, hugeuka. Anachohitaji ni eneo la sakafu. Kina cha sentimita 60 kinamtosha kabisa, lakini upana usipungue mara mbili ya upana wa mwili wake, na mara tatu ni bora. Kwa taa wawili wakubwa, kipimo cha kuanzia ni urefu wa mita 2.4 kwa upana wa mita 1.2. Kikijazwa hadi sentimita 60, chombo hicho hubeba lita 1,728 za maji.

Lita 1,728 ni kilo 1,728. Kioo cha milimita 12 kina uzito wa kilo 30 kwa kila mita ya mraba, na tangi la ukubwa huo linahitaji mita 7.2 za mraba. Hapo kuna kilo 216 nyingine. Ukiongeza meza ya chuma, mchanga na chujio, mzigo unapita tani 2. Kila mita ya mraba ya sakafu iliyo chini yake inabeba zaidi ya kilo 600, wakati sakafu za juu za nyumba za kuishi kwa kawaida hukadiriwa kubeba mzigo wa kilo 150 hadi 200. Tangi la namna hii basi halipandi ghorofani. Mahali pake ni chini, juu ya zege lililomwagwa kwenye udongo ulioshindiliwa, na fundi aambiwe uzito huo kabla ya kuanza kazi.

Hapa swali la kioo linapaswa kuulizwa upya. Picha za matangi makubwa ya vioo zinavutia, lakini kioo kipana cha milimita 12 au zaidi hakipatikani kila duka la vioo, na kukisafirisha hadi kijijini kwa barabara za vilima ni kazi ya kuombea dua. Tena mkoa wa Kagera una kumbukumbu ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lililoua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Tani 2 za maji juu ya meza ya chuma ndani ya sebule si jambo la kulichukulia kirahisi mahali kama hapo. Taa ni samaki anayependeza akitazamwa kutoka juu, na wafugaji wengi wa Asia wanaozalisha taa kwa ajili ya biashara huwaweka katika mabwawa ya chini, si katika vioo. Kwa Buganguzi, ambako tofali na fundi wa kujenga havitafutwi mbali, bwawa la ndani la tofali, lenye ukuta wa sentimita 75 na maji yanayoishia 60, ndilo chaguo la busara zaidi. Sentimita 15 zinazobaki huzuia maji yasimwagike ardhi ikitikisika au samaki akipiga maji. Anayetaka kuwaona kwa ubavu anaweza kuacha dirisha moja dogo la kioo nene upande wa mbele, likishikwa kwa silikoni isiyo na dawa ya ukungu.

Kasoro ya bwawa la saruji ni saruji yenyewe. Plasta mpya hutoa chokaa majini na kuyafanya yawe makali kiasi cha kuua samaki. Ukuta uwekwe nondo kwenye pembe, upigwe plasta yenye dawa ya kuzuia maji, uachwe ukauke, kisha upakwe rangi ya epoksi inayofaa kwa matangi ya maji ya kunywa. Baada ya hapo bwawa hujazwa na kumwagwa mara kadhaa kwa wiki chache. Anayeruka hatua hiyo kwa kuona maji yanang'aa atajikuta anazika samaki ghali. Kabla ya plasta yawekwe pia mabomba mawili: moja la chini la kutolea maji, lenye wavu, na jingine la juu la kupeleka maji kwenye chujio. Bomba la shaba lisitumike popote. Taa na papa hawahimili shaba hata kwa kiwango ambacho samaki wengine huvumilia.

Maji yenyewe Kagera si tatizo la wingi. Bukoba hupata wastani wa mvua unaokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na kiasi hicho hupungua kadiri mtu anavyoelekea magharibi mwa Muleba. Paa la bati la mita 100 za mraba, mwezi ukinyesha milimita 100, hukusanya lita zinazokaribia 10,000, ambazo zinajaza bwawa zima zaidi ya mara tano. Maji ya mvua ni laini, na taa wa Amazon amezoea maji laini yenye uchachu kidogo. Ila ulaini huo una mtego wake: maji yasiyo na madini hayana kinga dhidi ya uchachu unaozalishwa na uchafu wa samaki, na kipimo cha pH kinaweza kuporomoka ghafla chini ya 6, mahali ambapo bakteria wa chujio hulegea. Mfuko mdogo wa makombe yaliyopondwa ukiwekwa ndani ya chujio huyeyuka polepole na kuzuia mporomoko huo. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yakae kwanza kwenye simtanki kwa siku moja au mbili huku yakipulizwa hewa, na hata hivyo yapimwe.

Chujio ndilo figo la bwawa. Taa hula sana na hutoa uchafu mwingi, na sehemu kubwa ya uchafu huo ni amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu. Wa aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia hadi kiwango fulani na huondolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa hawanunuliwi pamoja na pampu. Wanahitaji mahali pa kujishikiza na muda wa wiki 4 hadi 8 wa kuongezeka, na wakati wote huo bwawa halina taa ndani. Kuna amonia kidogo ya kuwalisha bakteria, au sato wachache wa kuwaanzishia kazi. Pipa la lita 200 hadi 300, lenye tabaka la sponji la kunasa takataka na tabaka nene la kokoto nyepesi za volkano au vipande vya plastiki vyenye vitundu, linatosha. Pampu iweze kuyazungusha maji yote mara 5 kwa saa, yaani kama lita 8,600. Hita ikae ndani ya pipa hilo, kamwe isiwe bwawani. Taa hulala juu ya kitu chochote, hata juu ya hita, na huungua bila kujiondoa.

Sasa joto. Wastani wa joto la mwaka Bukoba ni kama nyuzi 20 au 21 za Selsiasi. Vilima vya Muleba viko juu ya usawa wa ziwa, ambalo lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, na usiku huwa na baridi zaidi. Taa anataka nyuzi 26 hadi 28, mchana na usiku. Tofauti ya nyuzi 6 au 7 si kubwa kwa binadamu anayejifunika blanketi, lakini kwa maji ya lita 1,728 ni bili ya kila mwezi. Kupasha maji hayo mara ya kwanza kutoka nyuzi 20 hadi 27 kunahitaji uniti 14 hivi za umeme, na hilo ni jambo la mara moja. Gharama halisi ni kulirudisha joto linalotoroka. Bwawa lisilokingwa, lenye maji wazi na kuta nyembamba, linaweza kupoteza wati 260 wakati wote. Hizo ni uniti 187 kwa mwezi wa siku 30. Pampu ya wati 100 hula uniti 72, mashine ya hewa ya wati 30 hula 22, balbu za wati 50 kwa saa 8 kwa siku hula 12, na kupasha maji mapya ya kila wiki kunaongeza kama 18. Jumla inazidi uniti 310.

Kwa bei ya kawaida ya TANESCO ya majumbani, shilingi 292 kwa uniti, ikiongezwa kodi ya ongezeko la thamani na tozo za REA na EWURA, mteja hulipa karibu shilingi 356 kwa uniti. Uniti 310 ni zaidi ya shilingi 110,000 kwa mwezi, yaani zaidi ya milioni 1.3 kwa mwaka kabla samaki hajala chochote. Na kuna gharama iliyojificha. Kaya nyingi za vijijini ziko kwenye kundi la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, ambalo hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Bwawa linaiondoa kaya katika kundi hilo, na uniti zilizokuwa zikiwasha balbu na televisheni kwa bei nafuu nazo zinapanda. Anayepiga hesabu ya bwawa peke yake, akasahau nyumba nzima, atashangaa akinunua LUKU.

Dawa ya kwanza ya bili hiyo ni kuzuia joto lisitoke. Karatasi nene za povu gumu zikiwekwa chini ya sakafu ya bwawa na kati ya kuta mbili za tofali wakati wa kujenga, na mfuniko mwepesi ukifunika maji usiku, matumizi ya hita yanaweza kushuka hadi nusu. Hapo ndipo fedha ya ziada ya ujenzi inaporudi yenyewe. Kujaribu kupasha kwa kuni hakulipi: sufuria la lita 20 la maji yanayochemka, likimiminwa bwawani, halipandishi joto la bwawa zima hata kwa nyuzi 1.

Umeme ukikatika, hofu ya wengi huenda kwenye baridi. Hesabu inaonyesha vingine. Maji mengi hushika joto. Bwawa la lita 1,728 linalopoteza wati 260 hushuka kama nyuzi 1.5 kwa saa 12, na taa atavumilia. Kinachokwisha mapema ni oksijeni, na bakteria wa chujio nao huanza kufa maji yakisimama kwa saa kadhaa. Kwa hiyo mkoa ambao kwa miaka mingi ulitegemea umeme wa kutoka Uganda kupitia Masaka na kituo cha Kyaka hauhitaji kuanza na jenereta kubwa ya kuendesha hita. Betri ya volti 12 yenye ampia-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isiharibike, huendesha mashine ya hewa ya wati 30 kwa saa kama 20, na paneli moja ya sola ya kuichaji ni kitu ambacho mafundi wa Muleba wanakifunga kila siku. Katika bajeti yote hakuna fedha inayofanya kazi kubwa kwa bei ndogo kama hiyo.

Chakula hakina mzigo mkubwa, ila kina hila. Taa mzima wa kilo 4 hula kiasi cha asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake kwa siku, yaani gramu 80 hadi 120; wawili kwa mwezi ni kilo 5 hadi 7. Minofu ya sangara na sato ipo sokoni. Dagaa ni rahisi zaidi, lakini wamo katika ukoo ambao samaki wake wengi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, kwa hiyo wasiwe chakula cha kila siku. Chakula kizuri kuliko vyote kiko kwenye kibanja: nyungunyungu wanaochimbwa chini ya matandazo ya migomba. Taa mgeni anayekataa minofu mara nyingi hushindwa kumkataa nyungunyungu. Sharti ni kwamba wasichimbwe karibu na kahawa au nyanya zilizopuliziwa mrututu au dawa nyingine ya shaba, kwa sababu ileile iliyokataza bomba la shaba. Kibanja nacho hulipwa: maji ya kubadilisha, asilimia 30 kila wiki, ni lita zaidi ya 500 zenye nitrati, na mgomba unaipokea nitrati kama samadi nyepesi.

Mchangani, mkiani mwa taa, kuna mwiba wenye meno na sumu. Hautumii kushambulia; huutumia akikanyagwa au akibanwa na mkono unaosafisha bwawa. Maumivu yake ni makali sana. Jeraha hutiwa kwenye maji ya moto yanayovumilika, kama nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, yakipimwa kwanza kwa mkono usioumia, kisha mgonjwa apelekwe hospitali, iwe Rubya au Ndolage, kwa kuwa kipande cha mwiba kinaweza kubaki ndani na kidonda kikaoza. Nyumba yenye watoto wadogo iwe na kizuizi kuzunguka bwawa, na hapo ukuta wa sentimita 75 peke yake hautoshi.

Kumleta samaki nchini ni sehemu yenye karatasi nyingi. Chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, samaki hai wa kigeni haingizwi bila kibali cha mamlaka ya uvuvi, na kibali hicho si cha kukisia kwamba kitatoka. Aina kadhaa za taa hawa zimo pia kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Brazili na Kolombia ziliziorodhesha kwenye Kiambatisho cha III mwaka 2017, na mkutano wa Panama wa Novemba 2022 ulizihamisha aina saba, leopoldi akiwemo, hadi Kiambatisho cha II, ambako haziruhusiwi kuvuka mpaka bila kibali cha nchi zinakotoka. Samaki waliozalishwa mabwawani huwa afadhali kuliko waliovuliwa mtoni: wamezoea kula walichopewa na karatasi zao hufuatiliwa kwa urahisi. Maombi haya yatangulie ujenzi. Bwawa linaweza kugeuzwa kuwa la sato. Barua ya kukataliwa haigeuki.

Ukali huo wa sheria una sababu ambayo wakazi wa Kagera wanaijua kuliko wengi. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na alipoongezeka miaka ya 1980 aina nyingi sana za furu zilitoweka. Gugumaji, lililoziba mialo na bandari kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, ni mmea wa Amerika ya Kusini uliosambazwa duniani kama pambo la mabwawa, na Mto Kagera ndio uliokuwa ukilimwaga ziwani kila siku. Singapore imekwisha kuonja upande wa taa: motoro walioachiwa na wafugaji wameota mizizi katika mabwawa ya maji ya nchi hiyo na wanazaliana. Vijito vya Muleba huishia Ziwa Victoria, vingine moja kwa moja, vingine kupitia Ngono na Kagera. Mfereji wa kutolea maji ya bwawa basi uishie kibanjani, si kijitoni, na bomba lake liwe na wavu. Taa huzaa watoto hai waliokamilika, na mtoto wa sentimita 8 anapita kwenye bomba la inchi 4 bila shida.

Kwa mpangilio, fedha hutoka hivi: kwanza ada na ufuatiliaji wa vibali, kisha msingi, kuta na kinga ya joto, kisha chujio, betri na vifaa vya kupimia maji, kisha miezi miwili ya umeme bwawa likiwa halina taa, kisha akiba ya umeme na chakula ya miezi sita, mwisho kabisa samaki na usafiri wake. Samaki akae mwezi mzima peke yake katika pipa la karantini kabla ya kuchanganywa, na jike awe mkubwa kuliko dume, kwani dume humng'ata jike wakati wa kupandana.

Anayefika kwenye mstari wa umeme na kuona hauwezekani ana njia ya karibu. Furu wa Ziwa Victoria, wenye rangi za bluu, nyekundu na njano zinazoshindana na samaki wowote wa duka la Ulaya, wanatosha kwenye tangi la lita 400, hita yao ni ndogo kwa sababu ziwa lenyewe lina nyuzi zinazokaribia 25, na mgao wao wa chakula ni wa vijiko. Tangi la ukubwa huo, likiwa na pampu ya wati 20, balbu na hita inayofanya kazi nyakati za usiku, linaweza kuendeshwa kwa takriban robo ya umeme wa bwawa la taa. Baadhi ya aina za furu zilizopotea ziwani zimeendelea kuzalishwa katika matangi ya Ulaya na Marekani, maelfu ya kilomita kutoka Muleba. Maji yao yawe na chokaa zaidi kuliko ya taa, na kazi hiyo hufanywa na makombe yaleyale yaliyopondwa, kwa mfuko mkubwa zaidi.